Saa ya baba yenye mshale mgongoni: isuguliwe, iuzwe au iogopwe?

Swali: "Marehemu babangu alikuwa akipeleka maji na vyakula kwenye meli za kivita za Waingereza zilizotia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, miaka ya sitini kuingia sabini. Ametuachia saa ya Omega Seamaster 300, uso mweusi, penye saa sita pana pembetatu, na chini yake herufi T ndani ya duara. Nyuma pamechorwa mshale, halafu 0552/923-7697, halafu tarakimu nyingine tatu na /67. Inatembea ukiitikisa, lakini gizani haiwaki hata kidogo. Fundi wa karibu anataka kuisugua ing'ae, aipake rangi mpya inayowaka na kubadilisha akrabu zake za kuonyesha saa na dakika. Kijana mmoja ameniambia tubadilishane na simu mpya. Mwanangu amesoma kwamba saa za jeshi zina mionzi, na sasa mama hataki ilale chumbani. Wengine wanasema ule mshale ni alama ya mali ya wizi. Je, ni saa ya kweli? Ina madhara? Naweza kuogelea nayo? Nifanye nini?"

Dada yangu, kama saa iko kwa fundi, nenda leo ukaichukue. Kama iko nyumbani, ibaki hapo hapo, na simu ya yule kijana abaki nayo mwenyewe. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hili halingoji, kwa sababu saa kama hii ikishasuguliwa hairudi.

Nimekaa mezani kwa fundi saa zaidi ya miaka thelathini. Nilipokuwa mwanagenzi nilimwona mwalimu wangu akiweka mgongo wa saa ya aina hii kwenye mashine ya polishi, kwa nia njema kabisa, mteja apate kitu kinachong'aa. Kwa dakika mbili mshale ulififia, namba zikawa vivuli. Mteja alifurahi. Mimi nilielewa miaka mingi baadaye kwamba siku ile tulifuta cheti cha kuzaliwa cha saa ile.

Maana hayo maandishi ya nyuma ndiyo cheti chenyewe. Ule mshale ni alama ya zamani ya serikali ya Uingereza. Waliugonga kwenye mizinga, mapipa, nanga, hata miti waliyoitenga kwa milingoti ya manowari. Maana yake ni moja tu: hiki ni mali ya serikali. Hausemi kilipatikanaje. Saa hizi mabaharia walikabidhiwa kazini na walitakiwa kuzirudisha, ila baadaye nyingi ziliuzwa kama vifaa vilivyopitwa na wakati, na leo zinanadiwa hadharani kwenye minada mikubwa ya Ulaya. Kwa hiyo anayekuambia mshale ni ushahidi wa wizi hajui anachosema. Jinsi saa ilivyotoka kwenye mkono wa baharia hadi kwa babako, hilo mimi siwezi kulisema, na mgongo wa saa hauwezi kulisema pia.

Namba 0552 ni ya jeshi la majini la Uingereza. Saa ya jeshi la nchi kavu ingeandikwa W10, ya anga 6BB. Halafu 923-7697, na hapa wengi huteleza, si namba ya saa yako. Ni namba ya bidhaa kwenye daftari la bohari, yaani "saa ya mpiga mbizi". Utaikuta kwenye Omega na kwenye Rolex za jeshi lile lile. Mtu akikuambia "nimeona nyingine mtandaoni yenye namba hiyo hiyo, kwa hiyo yako ni bandia," amechanganya jina la bidhaa na namba ya kipande. Zile tarakimu tatu zinazofuata ndizo za kipande chako, na /67 ni mwaka iliotolewa, 1967.

Mwaka huo unaendana na habari za babako. Kuanzia 1966 hadi 1975 manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka Mlango wa Msumbiji kuzuia mafuta yasifike Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kupitia bandari ya Beira. Zile zamu zilikuwa ndefu na za kuchosha, na Mombasa ilikuwa miongoni mwa bandari walikokuja kupumzika na kujaza mahitaji. Saa ya mpiga mbizi ya 1967 kuonekana Kilindini si jambo la ajabu. Lakini kuendana si kuthibitisha, na nitarudi hapo.

Kwanza nikueleze kwa nini saa hii imeumbwa hivi, kwa sababu ukilielewa hilo utajua mwenyewe kipi kisiguswe.

Mpiga mbizi haangalii saa kujua kama ni saa nne au saa tano. Anahesabu uhai. Hewa ya mtungi ina mwisho, na kuna jambo la pili baya zaidi: kila mita 10 unazoshuka, maji hukukandamiza kwa nguvu sawa na hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Kwa mkandamizo huo nitrojeni ya kwenye hewa huyeyuka ndani ya damu na nyama. Ukikaa chini muda mrefu kisha ukapanda haraka, hutoka ikiwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na mtu anaweza kupooza. Vijana wanaozamia majongoo ya baharini kwa mitungi kwenye pwani yetu wanalijua hilo, wengine kwa gharama kubwa. Ndiyo maana ya ile pete ya nje inayozunguka. Unapoingia majini unaipeleka alama yake kwenye akrabu ya dakika, na kuanzia hapo pete inakusomea umekaa chini kwa muda gani, bila hesabu ya kichwani. Kichwa cha mtu aliye chini sana hakiaminiki.

Waliotangulia kulihitaji hili vitani ni Waitaliano. Kampuni ya Panerai ya Firenze ilitengeneza saa za majaribio mwaka 1936 kwa ajili ya waogeleaji wa jeshi lao la majini, kubwa za milimita 47, mashine na makasha yakitoka Rolex. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941 wanajeshi sita, wakipanda vyombo vitatu vya chini ya maji vilivyoitwa "nguruwe", waliingia bandari ya Aleksandria nchini Misri na kutega mabomu chini ya manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Zote mbili zilikaa kwenye matope ya bandari. Sita wale walitekwa, lakini kila jeshi la majini duniani lilianza kufikiria upya juu ya mtu mmoja mwenye pumzi, giza na saa. Misri yenyewe, mwaka 1956, ilipata Panerai ya milimita 60 kwa ajili ya wazamiaji wake, saa pana kama kisosi cha kikombe cha kahawa.

Wafaransa walikuja baada ya vita. Kikosi chao cha waogeleaji wa kivita kiliundwa mwaka 1952 chini ya Robert Maloubier na Claude Riffaud, na hao wawili waliandika kwenye karatasi saa wanayoitaka: uso mweusi, alama kubwa zinazowaka, pete ya kuhesabia dakika. Kiwanda kimoja cha nyumbani kwao kiliwakatalia. Uswisi, Jean-Jacques Fiechter wa kampuni ya saa ya Blancpain, naye mpiga mbizi, alikuwa akiwaza saa ya namna hiyo hiyo kwa sababu aliwahi kuishiwa hewa chini ya maji. Mwaka 1953 ikatoka Fifty Fathoms. Jina hilo kwa Kiswahili ni pima hamsini, kipimo kile kile manahodha wetu walichotumia kupima kina, na pima hamsini ni kama mita 91. Fiechter alihakikisha pete haizunguki yenyewe ikigongwa, kwa sababu pete iliyoteleza inaweza kumdanganya mtu kwamba hewa yake bado ipo. Mwaka huo huo Rolex ilikuwa na Submariner yake, na kampuni dada ya Tudor ikaja kuwapatia saa Wafaransa kwa miongo mitatu hivi, migongo ikiandikwa M.N., yaani jeshi la majini la Ufaransa, na mwaka.

Waingereza walianza na Rolex miaka ya hamsini, wakaja Omega mwaka 1967, wakarudi Rolex miaka ya sabini. Yako ni ya ile awamu ya katikati. Neno 300 usoni lilianza na Seamaster ya 1957, ambayo kwa kweli ilithibitishwa mita 200 tu kwa sababu vyombo vya kupimia vya wakati ule havikuweza kwenda chini zaidi. Warusi nao, kule Chistopol, walitoa Amphibia mwaka 1967, saa ambayo maji yanavyozidi kuisukuma ndivyo mfuniko wake unavyozidi kuziba. Naipenda sana akili ile, lakini tusitoke kwenye yako.

Sasa mionzi. Mwanao hajakosea kusoma, ila amechanganya vitu viwili, na tofauti yake ni kubwa.

Hadi karibu miaka ya sitini, rangi ya kuwaka gizani ilitengenezwa kwa radiamu. Radiamu hutupa mionzi, mionzi inaipiga poda ya salfaidi ya zinki, na poda ndiyo inayotoa mwanga. Wasichana waliopaka nyuso za saa Marekani, kule New Jersey, miaka ya 1917 na kuendelea, waliambiwa waichonge brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa na taya, wakafa. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Poda ya zinki, kinyume chake, huchoka ndani ya miaka michache. Kwa hiyo saa ya radiamu huacha kuwaka ikiwa bado na nguvu karibu zote. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kila mara nasikia "haiwaki tena, sumu imeisha." Kwa radiamu, kutowaka si dalili ya usalama hata kidogo.

Yako ina T ndani ya duara. Si T ya kampuni ya Tissot wala ya Tudor, kama baadhi ya wauzaji wanavyobuni. Ni alama ya jeshi la Uingereza kwamba uso umepakwa tritiamu badala ya radiamu. Tritiamu ni haidrojeni nzito, na mionzi yake ni dhaifu mno: haipenyi kioo cha saa, haipenyi hata ngozi ya juu ya mkono. Nayo hupungua nusu kila miaka 12.3. Iliyopakwa 1967 ilibaki nusu mwaka 1979, robo kuelekea 1992, thumuni kufikia 2004, na mwaka 2016 ikawa moja ya kumi na sita. Ndiyo sababu haiwaki. Mwambie mama kwamba saa iliyofungwa, yenye tritiamu ya umri huo, ikilala kabatini chumbani kwake haimdhuru.

Wamarekani walijaribu njia ya tatu, promethiamu, kwenye saa za Tornek-Rayville za katikati ya miaka ya sitini, na mgongoni wakaandika neno la hatari na agizo kwamba atakayeiokota aipeleke kituo cha jeshi kilicho karibu. Nyingi ziliharibiwa kama taka za mionzi. Pengine ndizo mwanao alizosoma habari zake.

Hata hivyo, nina sharti. T iliyo usoni inazungumzia uso. Haizungumzii akrabu. Katika miaka zaidi ya hamsini mtu anaweza kuwa aliweka akrabu kutoka saa nyingine, ya zamani zaidi, yenye radiamu. Kwa hiyo usiifungue mwenyewe, wala usikwangue wala kupuliza chochote. Hatari ya rangi hizi, ya radiamu hasa, iko kwenye vumbi linaloingia puani na mdomoni, si kwenye kuivaa. Ukitaka uhakika, kifaa cha kupimia mionzi kikiwekwa juu ya kioo kitanyamaza kwa tritiamu, lakini kitalia kwa radiamu. Kenya ipo mamlaka ya serikali ya kudhibiti nyuklia, KNRA. Tanzania ipo Tume ya Nguvu za Atomiki. Waulize wao kuhusu kupimiwa, na mpaka upate jibu iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na watoto. Hiyo ni tahadhari tu. Sioni sababu ya kumfanya mtu akose usingizi.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kufanya mwenyewe usiku huu. Iweke saa karibu na taa kwa dakika moja, zima taa, angalia. Rangi ya tritiamu ya zamani itaonyesha mwanga hafifu unaozimika ndani ya sekunde chache, au hakuna kabisa. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu dakika nyingi, basi imepakwa rangi za kisasa zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1993, na hilo litakuwa jibu baya kwa swali lako la ukweli wa saa. Umesema haiwaki hata kidogo. Kwangu mimi hiyo ni habari njema.

Hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wako, na simlaumu, kwa sababu kazi yetu sote tulifundishwa kufufua. Ile rangi iliyogeuka kama mafuta ya nazi yaliyoganda, akrabu zenye umbo la upanga, mikwaruzo ya ubavuni: hivyo ndivyo mnunuzi mjuzi anavyovitafuta. Uso ukipakwa upya, thamani inaweza kushuka zaidi ya nusu. Akrabu mpya zikiwekwa na za zamani zikatupwa, umepoteza kitu kisichonunulika dukani. Bodi, yaani kasha la chuma, ikisuguliwa, kingo zake kali zinakuwa mviringo na umbo la kiwandani linatoweka. Angalia pia zile fimbo za kushikia mkanda. Kwenye saa ya jeshi zimeunganishwa moja kwa moja na bodi, si pini za kutoka, kwa sababu pini ikifyatuka chini ya maji saa inazama. Ukikuta matundu ya pini pale ambapo fimbo zilipaswa kuwa, au alama za kukatwa, hilo ni swali la kumuuliza mtaalamu.

Je, ni ya kweli? Kwa maneno uliyoniandikia, inaweza kuwa. Siwezi kwenda mbele ya hapo, na asiyeishika mkononi akikuambia "ni halisi asilimia mia" usimwamini. Omega za aina hii zimeghushiwa kwa namna mbili. Ya kwanza, saa ya kawaida ya raia imechorwa mshale na namba baadaye. Mchoro wa kweli umezeeka pamoja na mgongo: mikwaruzo inapita juu ya herufi na kuingia ndani yake. Mchoro wa jana ni mkali na safi chini, juu ya mgongo uliochakaa. Ya pili ni ngumu zaidi: saa iliyounganishwa kwa vipuri halisi vya Omega vya kubadilishia, kila kipande ni cha kweli lakini saa yenyewe haikuwahi kuwepo. Ili kuitambua lazima ifunguliwe. Ndani ya mfuniko panatakiwa paonekane 165.024, mashine iwe ya namba 552, yenye rangi ya shaba nyekundu, bila tarehe, na namba iliyochorwa kwenye mashine iwe karibu na milioni 24 hadi 26 kwa saa ya mwaka 1967. Ikiwa ni milioni 30 na ushee, kuna jambo.

Kuogelea nayo, hapana. Si baharini, si kwenye bwawa, si hata bafuni. Kilichozuia maji mwaka 1967 ni mipira myembamba, na mipira hukakamaa na kupasuka. Kioo chake ni cha plastiki, kimeshikwa kwa kubana tu. Tone moja la maji ya chumvi likiingia, kutu huanza kwenye vyuma vya mashine kabla hujaona ukungu kwenye kioo. Hata fundi akibadilisha mipira yote na kuipima kwa shinikizo, mimi nisingeipeleka ufukweni Nyali wikendi. Ile pete ya nje nayo ina plastiki inayopasuka, na kuipata nyingine ya asili ni shida na gharama.

Vilevile acha kuitikisa ili itembee. Mafuta yaliyo ndani huenda yamekauka miongo kadhaa iliyopita, na kila mzunguko chuma kinasaga chuma. Iache isimame. Kusimama hakuiharibu.

Njia zilizo mbele yako naziona tatu. Unaweza kuitunza kama ilivyo, bila kuitengeneza, na hilo ni sawa kabisa. Unaweza kuipeleka kwa fundi wa saa za zamani aisafishe mashine tu na kuitia mafuta, kwa sharti lililoandikwa kwenye risiti: uso usiguswe, akrabu zisibadilishwe, bodi isisuguliwe, kila kipuri kilichotolewa kirudishwe kwenye kimfuko. Mwambie mapema kwamba uso una tritiamu ili asiifungue mezani anapolia chakula, na asipige brashi kwenye rangi. Fundi akicheka masharti hayo, shukuru na uondoke. Mimi ningechagua njia hii. Ya tatu ni kuuza, na sitakuhukumu, karo ni karo. Ila usiuze kabla haijafunguliwa na kupigwa picha ndani na mtu asiye mnunuzi. Omega ya jeshi iliyo halisi na haijaguswa huuzwa Ulaya kwa maelfu ya pauni. Ya kuunganisha haifikii hapo. Yule kijana wa simu pengine anajua tofauti, pengine hajui, lakini wewe bado hujajua, na hiyo inatosha kumjibu hapana. Nyumba kubwa za mnada hupokea picha na kutoa makadirio bila malipo: uso, pande zote mbili, mgongo kwa mwanga wa ubavuni ili herufi zionekane, na ndani ikiwa imefunguliwa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna fundi atakayekufanyia. Mama yupo. Kaa naye umuulize babako alikuwa na saa hii tangu mwaka gani, ni meli ipi aliyokuwa akiitaja, kama kuna picha aliyopigwa akiwa ameivaa, kama aliinunua au alipewa na nani. Andika kwa maneno yake, na tarehe ya leo, hata asipokumbuka zaidi ya jina la meli. Picha moja ya zamani inayoonyesha mkono wa babako na saa hiyo ina uzito kwa mnunuzi kuliko hadithi kumi. Kama ipo kwenye albamu, usiibandue kwa nguvu. Ipige picha pale pale ilipo, mbele na nyuma kama kuna maandishi.